Moshi Ukilala, Gurudumu Linalala

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika asubuhi na baridi ya mwezi wa saba, nimevaa kaptura ya shule iliyopigwa pasi na mama, na viatu vya kaka yangu. Viatu vilikuwa vikubwa: mguu ulifika kwanza, kiatu kikafuata kwa wakati wake. Mlinzi wa getini aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia nimekuja kuanza kazi. Alicheka mpaka akashika geti asianguke. Nami nikacheka, maana nilikuwa na miaka kumi na minne na hata mimi niliona jambo lenyewe linachekesha.

Sasa nina kumi na saba na nimestaafu. Ninyi wadogo wa darasa la kwanza mnaosoma karatasi hii chini ya dawati, msidhani kustaafu ni mvi na fimbo. Mstaafu ni mtu aliyefanya kazi, akaijua, akaiacha. Mimi nimetumika likizo tatu za kiangazi, katika vituo vitatu, chini ya wakubwa watatu. Babu yangu alikaa mgodini maisha yake yote, lakini ukimwuliza habari za kazi anakohoa tu. Mimi sikohoi. Mimi ninasema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kermesi. Kwa yule ambaye wazazi wake humfungia ndani: kermesi ni uwanja wa michezo ya mashine unaokuja Elisabethville kila kiangazi, mvua zikishapita na vumbi jekundu likianza kukaa kwenye kila kitu, hata kwenye sahani ya bukari, ugali wetu. Mashine husimamishwa kwenye kiwanja kitupu kati ya mji wa wazungu na cité, yaani mitaa yetu sisi watu weusi. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka. Kuna vigari vya umeme vya kugongana. Kuna mtelezo mrefu wa bati. Na juu ya vyote kuna gurudumu kubwa lenye viti, linaloinua watu kupita mnara wa kanisa.

Na kuna jambo ambalo kila mtu akiingia analiona mara moja, akakasirika: vitu hivi havifunguliwi pamoja. Ukifika asubuhi, farasi wanazunguka lakini vigari vimelala chini ya turubai. Ukifika saa nane, vigari vinagongana lakini farasi wamefungwa kamba. Na gurudumu limesimama tu, kubwa kama madeni ya mjomba, halifanyi kitu. Watu wanapiga kelele: "Juu ya nini banafunga?" yaani kwa nini wanafunga. Kazi yangu mimi ilikuwa kujibu swali hilo.

Ndiyo, nililipwa kwa kusema. Walimu wangu wote walinipiga kwa jambo hilohilo.

Aliyenichukua ni Kapita, msimamizi wa wafanyakazi weusi wote wa pale uwanjani. Alikuwa mtu wa pande za Kasomeno, mrefu, mkavu, kofia yake ya kaki ameivuta mpaka kwenye nyusi. Jumapili iliyotangulia alikuwa amenisikia kwenye mstari, nikiwaambia watu kwamba farasi wale hawazunguki kwa sababu wanamngojea padri awabatize. Badala ya kunifukuza, aliniita pembeni.

"We mwenye kinywa, kuya hapa. Unasoma?"

"Ninasoma, Tata Kapita. Lakini sasa ni vacances."

"Basi Jumapili ijayo ukuye. Bantu banachoka kungojea, na muntu akichoka kungojea anapiga mulinzi. Weye utabasemesha."

"Nibaambie nini?"

"Byote unapenda. Naona kutunga bongo iko ndani ya damu yako." Bongo kwetu ni uongo. "Kintu kimoja tu usibadanganye: saa."

Tangu siku hiyo jina langu likapotea. Niliitwa Kinywa. "Kinywa eko wapi? Aende kwa farasi!"

Siku ile ya kwanza sikumsikia Kapita, kama vile simsikii mtu yeyote siku ya kwanza. Mchana kundi kubwa lilikusanyika chini ya gurudumu, nami nikapanda juu ya sanduku nikawaambia: gurudumu limelewa gongo la lutuku jana, sasa linalala, likiamka litafungua, sasa hivi! Wakacheka. Nikarudia: sasa hivi! Wakacheka kidogo. Mara ya tatu niliona maganda ya karanga yakinijia. Halafu chungwa. Mwishoni nilikimbia, na kiatu kimoja cha kaka kikabaki pale, kikiwakilisha uongozi.

Kapita alinikuta nyuma ya hema. Hakupandisha sauti.

"Unaona, Kinywa. Muntu ukimwambia 'sasa hivi', umefunga miguu yake. Hawezi kwenda kuona farasi, hawezi kwenda kunywa maji, hawezi kwenda kwake. Lakini ukimwambia 'mpaka jioni', umemurudishia siku yake. Atakutukana, atakwenda, atarudi."

Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu marefu. Hilo ndilo lililoingia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa farasi wa mbao. Mkubwa wa pale alikuwa Madame wa Farasi, mzungu mjane mwenye mikono minene, aliyewapenda farasi wake kuliko wateja, na kwa kweli farasi walikuwa na adabu zaidi. Alifungua asubuhi, akafunga saa sita, akafungua tena jua likianza kuchoka. Nilidhani ni uvivu wa wazungu, usingizi wao wa mchana. Nikamwuliza, kwa heshima, kama kweli analala.

"Kulala?" alisema Madame, akanivuta sikio mpaka ndani ya mashine. "Tia mukono hapa."

Nikaigusa nguzo ya shaba nyeupe ambayo mtoto hushika akiwa juu ya farasi. Nikautoa mkono haraka kuliko nilivyoutia. Kisha akanionyesha mafuta mazito ya kulainisha vyuma: asubuhi yalikuwa magumu kama siagi, saa sita yamekuwa supu, yanadondoka kutoka juu kwenye nguo za watoto. Basi mchana alisimamisha farasi, akapangusa mafuta mabovu, akapaka mapya, akakaza kila farasi mahali pake, mkia kwa mkia.

"Farasi iko nakula saa sita," alisema. "Wewe kama hapana kula, wewe iko nafanya kelele. Farasi sawasawa."

Kuhusu mtelezo wa bati, kwa nini haufunguliwi mchana, sikuuliza mtu. Nilikwenda kuuliza mwenyewe, kwa makalio. Jibu lilikuwa wazi, na wiki nzima nilikula nimesimama. Baadaye watu wakilalamika kuhusu mtelezo niliwaeleza kwa uzito wa mtu aliyechunguza, na hakuna aliyenibishia.

Kituo cha pili, likizo iliyofuata, kilikuwa vigari vya kugongana. Mkubwa wangu sasa alikuwa Fundi wa Umeme, Mukasai, yaani mtu wa Kasai, mwenye miwani, aliyesema Kifaransa hata na bisibisi yake. Nyuma ya uzio alikuwa na mashine moja ya kutoa umeme wa uwanja mzima, iliyotetemeka mchana kutwa kama mgonjwa wa malaria. Nilimwuliza kwa nini vigari vinafungwa kila gurudumu likitaka kuanza. Si vyote ni vya umeme? Si afungulie tu?

"Écoute, mon petit," alisema, akavua miwani, jambo lililomaanisha kwamba somo litakuwa refu. "Kwenu muko batoto ngapi?"

"Mingi, Tata Fundi."

"Na chungu ya bukari?"

"Moja."

"Voilà. Bigari binakula mingi. Gurudumu linakula mingi kupita, zaidi pale linaanza kujinyanyua na bantu ndani. Ukiita bote ku chungu mara moja, chungu inakwisha. Na chungu ikikwisha, bigari bitasimama chini, hakuna neno, bantu batashuka na kutukana. Lakini gurudumu litasimama na mama ya muntu kule juu. Weye njo utapanda kumushusha?"

Nikasema sitapanda. Akavaa miwani.

Ndipo nikaelewa kwamba uwanja ule, ulioonekana kama fujo, ulikuwa umepangwa kama misa. Hata watu walikuwa walewale: vijana waliofunga mikanda ya farasi asubuhi ndio waliosukuma vigari mchana, ndio waliofunga vyuma vya viti vya gurudumu jioni. Kitu kimoja kikilala, kingine kinakopa mikono yake. Mgeni anaona mlango uliofungwa, anadhani ndani hakuna mtu. Kumbe ndani ndiko kwenye kazi.

Kituo cha tatu ni gurudumu, na hapo mkubwa wangu alikuwa Kapita mwenyewe.

Niwaeleze jinsi lilivyoamshwa, maana sijaona kazi nzuri kama ile. Kila siku, kabla ya mtu yeyote kukalishwa, tulipakia mifuko ya mchanga kwenye viti, kila mfuko na mwenzake wa upande wa pili, ili gurudumu lisielemee upande mmoja. Huko ndiko kulisawazisha. Mifuko hiyo tuliipa majina. Ule mnene kuliko yote uliitwa Bwana Direkta, kwa heshima ya mzungu mwenye kermesi. Mwingine uliitwa Padri, mwingine Mama Mukwe. Kapita hakucheka kamwe, alikuwa akisikiliza vyuma, sikio limeegemea nguzo. Lakini siku moja nilimsikia kwa masikio yangu: "Musukume Bwana Direkta kidogo, amekaa vibaya." Kila mfuko ulizungushwa, ukasimamishwa juu, ukashushwa. Ndipo Kapita akatazama moshi.

Mnaujua moshi ule. Kila mtu wa Elisabethville anaujua: bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia shaba. Wengine wanautazama wajue kama baba amemaliza zamu, au kama nguo zianuliwe. Kapita aliutazama kwa upepo. Kiangazi kwetu upepo wa kusini-mashariki huamka asubuhi, ukavuma mchana wote, ukalala na jua. Chini, kati ya mahema, huusikii. Juu, kwenye kiti cha mwisho, unaweza kukusukuma ukagonga chuma. Basi sheria ya Kapita ilikuwa fupi: "Moshi ukilala, gurudumu linalala. Moshi ukisimama, tunafungua." Moshi uliolala kama mkia wa mbwa mwenye hatia ulimaanisha upepo uko kule juu. Moshi uliosimama wima ulimaanisha umekwisha.

Na kulikuwa na kengele. Kengele ya gurudumu ilipigwa na Kapita peke yake, ya kufungua na ya kufunga. Sheria hiyo aliiweka Bwana Direkta mwenyewe, mbele yetu sote, siku ya kusimamisha mashine. Alikuwa mtu mnene, mkarimu wa jasho, mwenye kiko kisichowaka.

"Kengele iko ya Kapita," alisema. "Mimi nikisema fungua, yeye nasema hapana, basi ni hapana. Juu ya nini? Mimi iko napenda bantu banapanda. Yeye iko napenda bantu banashuka."

Mzungu anayejua tamaa yake na kuifunga kamba mapema: nilimheshimu tangu siku hiyo, hata kama mfuko wa mchanga uliendelea kuitwa jina lake.

Lakini kulikuwa na saa nyingine, na hiyo haikuwa ya Kapita wala ya Madame wala ya Fundi. Ilikuwa imeandikwa kwenye ubao wa getini. Watu weusi: Jumapili, hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo kengele ya geti inalia, sisi tunatoka, wazungu wanaingia na motokari zao. Sasa ninyi mnaojua hesabu, unganisheni. Upepo ulilala lini? Karibu na saa hiyohiyo. Kwa hiyo tangu nianze kazi sikuwahi kuona mtu wa cité akipanda gurudumu. Farasi, ndiyo. Vigari, ndiyo. Gurudumu walilitazama tu, na walipokuwa njiani kurudi nyumbani wakasikia likianza kuzunguka nyuma yao.

Mnaweza kufikiri walisema nini kuhusu upepo wetu.

Mama yangu anauza samaki wakavu kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, na mdomo huu mlionao mbele yenu niliurithi kwake, yeye akabaki na ule mkubwa. Kila Jumatatu wanawake wa soko walimcheka: mtoto wako anatumwa na wazungu kutudanganya. Jioni moja aliniwekea sahani, akakaa mbele yangu, asile.

"Ile mupepo yenu," alisema, "iko na carte d'identité, kitambulisho?"

"Mama?"

"Ninauliza. Inajuaka muntu mweusi na muzungu? Juu muzungu akifika, inalala. Shiye tukifika, inaamuka."

"Mama, ni kweli. Kapita anatazama moshi..."

"Kapita anatazama moshi. Weye unatazama Kapita. Nani anatazama muzungu?" Akanisogezea sahani. "Jumapili ya mwisho nitakuya na bamama bote ba soko. Kama gurudumu litafunguka, nitapanda, nitajionea ile mupepo na macho yangu. Kama halitafunguka, usinisemeshe tena mambo ya mupepo ndani ya nyumba hii. Nitajua mutoto wangu anakula juu ya bongo."

Kutukanwa na mstari wa watu ni kazi. Kuitwa mwongo na mama yako kwa jambo ambalo, safari hii tu katika maisha yako, ni la kweli, hilo silitakii hata mwalimu wa hesabu.

Jumapili ya mwisho ikafika, na bamama wakafika nayo. Walivaa vikwembe, vitenge vyetu, vya rangi moja, njano yenye samaki wa buluu, wakaja kwa mstari kutoka Kenya hadi getini wakiimba. Mama yangu alikuwa mbele. Hakuja kwa farasi, hakuja kwa vigari. Alikwenda moja kwa moja chini ya gurudumu, akasimama, na wote wakasimama nyuma yake. Watu wengine walipoona wanawake wengi hivyo wamesimama mahali pamoja, nao wakaja kusimama, ndivyo tulivyo.

Moshi ulikuwa umelala kabisa.

Nilipanda juu ya sanduku langu. Niliwapa yote niliyokuwa nayo. Niliwaambia gurudumu limekwenda kuungama, na dhambi zake ni za mviringo, hazina mwisho. Walicheka. Niliwaambia linaogopa kikwembe cha njano. Walicheka kidogo. Kijana mmoja wa mtaa wa Katuba, mwenye kofia ya majani na baiskeli aliyokataa kuiacha nje, akapaza sauti:

"Kinywa! Acha bichekesho. Sema kweli: gurudumu lenu linaogopa matako meusi?"

Hapo walicheka sana, lakini si pamoja nami. Mama yangu hakucheka. Alinitazama tu, kama anavyotazama samaki wa mtu mwingine.

Kelele zikapanda. Bwana Direkta akaja akisukuma tumbo lake kati ya watu. Aliona nyuso za wale wanawake, akamgeukia Kapita.

"Kapita, fungua. Kidogo tu. Mara moja."

Kapita aliinua kidole akaonyesha moshi. Ulikuwa bado chini, umelalia mapaa. Direkta aliutazama, akauma kiko. Nadhani alitamani sana siku ile kwamba asingaliweka sheria yake. Lakini aliiweka.

"Bon," alisema. Akaondoka.

Ndipo nikaona kwamba utani wangu umekwisha, na nilibaki na kitu kimoja tu ambacho sikuwahi kuwapa watu: kweli yenyewe. Kila Jumapili niliwachekesha ili wasitazame juu. Sasa nikawaambia watazame.

"Bamama! Batata! Acheni kutazama miye. Tazameni kule, bomba ya kiwanda. Munaona moshi?"

"Tunaona moshi kila siku!" akasema yule wa baiskeli. "Tunaikohoa!"

"Iko wima ao imelala?"

"Imelala," akasema mwanamke mmoja.

"Njo ile mupepo. Kapita hana saa mukononi, saa yake ni ile moshi. Ikisimama, anafungua. Mutaona mbele yake, juu macho yenu iko mingi kupita yake."

Watu wote waligeuka. Nusu ya wale watu walikuwa na mume au ndugu chini ya bomba lile, na sidhani kama waliwahi kulitazama hivyo, kama mtu anayengoja jibu. Mama yangu akakunja mikono.

"Ile moshi," alisema, "baba yako njo anaitosha." Kutosha kwetu ni kutoa, na baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile.

"Basi umuambie aisimamishe, Mama."

Yeye ndiye aliyeanza. Akapiga makofi mara mbili, akaimba kwa sauti ya kuuzia samaki: "Moshi, simama!" Wenzake wakaitikia: "Simama!" Basi tena, kanisa lilianza. Mtu akapata debe. Yule wa Katuba akapiga kengele ya baiskeli. "Moshi, simama! Simama, mume wangu amekuchoka! Simama!" Fundi wa Umeme, bila kuambiwa na mtu, akazima vigari ili chungu kijae, na waliokuwa ndani ya vigari wakamtukana kwa Kifaransa na Kiluba. Jua lilishuka. Moshi ulikuwa umelala, umelala, halafu ukainua kichwa. Ukalala tena. Halafu polepole, kama mzee anayeinuka kwenye benchi akishika kiuno, ukasimama.

Kelele iliyopigwa hapo ilitikisa mahema. Na ndani ya kelele hiyo, kutoka getini, ikalia kengele. Saa kumi na moja.

Walinzi walianza kusema, "Haya, tutoke, tutoke." Nje ya geti motokari za wazungu zilikuwa zimepangwa, mabibi wamevaa kofia, watoto wamechanwa nywele. Nilimtazama mama. Hakuwa na hasira hata. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda ubishi ambao angependa kushindwa.

Kapita alikuwa ameshika kamba ya kengele yake. Bwana Direkta akaja haraka, anahema.

"Kapita. Saa yao nakwisha."

"Ndiyo, Bwana. Saa ya geti inakwisha. Ya gurudumu njo inaanza."

"Kapita..."

"Kengele iko ya nani, Bwana?"

Hakusema kwa kiburi. Aliuliza kama mtu anayeuliza spana iko wapi. Bwana Direkta aliutazama moshi, wima kama mlingoti. Alitazama geti, ambapo mzungu mmoja alikuwa anapiga honi. Alitoa kiko mdomoni, akakitia mfukoni.

"Ya wewe," alisema.

Kapita akavuta kamba.

Sasa sikilizeni mambo ya Direkta, maana nimesema nilimheshimu. Hakumtuma mlinzi. Alikwenda getini mwenyewe, akasimama mbele ya zile motokari, akafungua mikono yake minene, nami nilimsikia akiwaambia: "C'est le vent, mesdames, messieurs. C'est le vent." Ni upepo. Na wazungu wakangoja upepo, wakiwa ndani ya motokari zao, kama sisi tulivyokuwa tukiungoja siku zote. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nisingesema vizuri hivyo. Tena hakudanganya: upepo ndio uliotuchelewesha sote.

Tulipakia haraka. Kazi ya kusawazisha watu ni ya macho, huwezi kumpima mama wa mtu mbele ya soko lake. Kapita aliita, nami nikawakalisha: "Mama huyu upande huu, na yule wa pili... hapana, si yeye, yule aliyeshiba, mbele yake!" Nilitukanwa kwa lugha nne na kila mtu alikaa. Yule wa Katuba alitaka kupanda na baiskeli. Mama yangu alikaa na jirani yake wa soko, akashika chuma kwa mikono miwili, akanitazama akiwa anaondoka ardhini, na sikuwahi kumwona mama akiwa mdogo hivyo.

Kapita alimsimamisha juu kabisa. Vikwembe vya njano kote angani. Halafu akawashusha.

Mama alishuka ameshika kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja, nusu kimefunguka. Wenzake walimzunguka wakingoja hukumu. Alikifunga kwanza, taratibu, mafundo mawili.

"Haikuwa bongo," alisema. "Kule juu bado iko. Imelala kidogo tu, lakini iko. Inataka kunitosha kitambaa. Kama ni muchana, ingalitutosha sisi bote." Akanigusa kichwa, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, maana kwa kawaida hunigusa kwa mwiko. Nilidhani yamekwisha. Lakini mama ni mama. Aligeuka, akatazama ule ubao wa getini, akamwuliza Kapita:

"Na ile saa ya pale, Tata? Njo mupepo gani?"

Nilikuwa nimejifunza sababu ya farasi, ya bati, ya vigari, ya gurudumu. Nilipekua kichwa changu chote: hakuna mafuta yanayoyeyuka getini, hakuna chungu kinachokwisha, hakuna moshi.

Kapita alishusha kofia yake.

"Ile si mupepo, Mama," alisema. "Ile ni muntu."

Kisha akaita kundi lililofuata, kwa sababu moshi ulikuwa bado umesimama.

Baada ya hapo nilistaafu. Mwaka huu ni wa mtihani, na Frère Mkuu, bruda anayeongoza shule yetu, alisema nichague, kermesi au shule, na baba alinichagulia. Sijui kama kiangazi kijacho ubao wa geti utakuwa na saa nyingine. Siku ya kubomoa mashine nilimwona Kapita akizungumza na Bwana Direkta chini ya ubao huo muda mrefu, na Direkta akikwaruza rangi ya ubao kwa ukucha. Zaidi ya hapo sisemi. Nilifundishwa nisidanganye kuhusu saa.

Ninachoweza kuwaachia ninyi wadogo ni ujuzi wa kazi. Ukikuta kitu kimefungwa, usianze kutukana. Mara nyingi kuna mtu nyuma yake anapaka mafuta, au chungu ni kimoja, au kuna hatari kule juu usiyoisikia ukiwa chini. Na watu wanaozijua saa hizo, wakazishika hata wakubwa wakipiga kelele, ndio watu wakubwa kuliko wote niliowaona. Lakini uliza. Uliza kama alivyouliza mama.

Mimi niliuliza wiki iliyopita. Hapa shuleni chumba cha vitabu hufunguliwa Alhamisi tu, na ile kabati ya vioo iliyo ndani haifunguliwi hata Alhamisi. Niliinua mkono, nikasimama vizuri, nikasema: "Mon Frère, ile kabati, ni mupepo ao ni muntu?"

Alinipigisha magoti karibu na dirisha mpaka kengele ya mchana. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kutazama nje. Ile miti ya uwanjani ilikuwa imesimama kimya, hakuna jani hata moja lililotikisika.